Siku tano Montenegro kwa euro 690: mwongozaji hodari, ratiba yenye kasoro

Kampuni iliyoniuzia safari hii sitaitaja kwa jina, kwa kuwa malalamiko niliyonayo nimekwisha kuyapeleka kwa wenyewe na bado tunaandikiana. Lakini huduma yao inafanana sana na zile zinazouzwa na kampuni nyingine za Podgorica na Budva, hivyo nadhani maelezo haya yatamfaa yeyote anayetaka kwenda Montenegro kwa mara ya kwanza na hajui achague ratiba ya namna gani.

Nilichonunua ni ziara ya siku tano, usiku nne, kwa euro 690 kwa kila mtu. Bei hiyo ilijumuisha basi dogo, malazi pamoja na chakula cha asubuhi, viingilio karibu vyote, mwongozaji anayezungumza Kijerumani na Kiingereza, na kijitabu cha kurasa 24 ambacho nitakirudia baadaye, ingawa si kwa sifa. Tangazo lao lilidai kwamba mteja atarudi nyumbani akiwa ameijua jiografia, historia na watu wa nchi hiyo. Hilo ni dai kubwa kwa siku tano, hata kama nchi yenyewe haifiki kilomita za mraba 14,000, na wakazi wake, waliohesabiwa 623,633 katika sensa ya mwaka 2023, ni kama nusu tu ya wakazi wa Kaunti ya Mombasa nilikozaliwa. Nimeipima huduma hii kwa dai lao wenyewe, si kwa ulaini wa mito ya kulalia.

Tulikuwa abiria saba, wengi wao Wajerumani waliostaafu, na mimi niliyetokea Austria ninakofanya kazi. Mwongozaji wetu, ambaye ndiye pia aliyekuwa dereva, alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei aliyefundisha jiografia katika shule ya sekondari kabla ya kuingia katika utalii. Nilianza kumwita Mwalimu tangu asubuhi ya kwanza, nikamweleza maana yake, naye akalipokea jina hilo kwa furaha, kiasi kwamba kufikia siku ya tatu hata Wajerumani walikuwa wakimwita hivyo.

Mwalimu hakuanza na kanisa wala kasri. Alisimamisha gari juu ya Ziwa Skadar, mahali ambapo mto unajikunja kukizunguka kilima kabla ya kuingia ziwani, akatuacha tulitazame ziwa hilo, ambalo ni kubwa kuliko yote katika Rasi ya Balkani na ambalo Montenegro inaligawana na Albania, kisha akatuuliza swali alilosema alikuwa akiwauliza wanafunzi wake kila mwaka: kwa nini nchi inayonyeshewa mvua nyingi namna hii imekufa kwa kiu karne zote? Juu ya Ghuba ya Kotor kuna kijiji kiitwacho Crkvice ambacho hupata kwa wastani zaidi ya milimita 4,500 za mvua kwa mwaka, yaani takriban mara nne ya mvua ya Mombasa, na huhesabiwa kuwa miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kuliko pote Ulaya. Lakini mlima mzima ni jiwe la chokaa lililojaa nyufa na mapango, kwa hiyo maji hayakai juu ya ardhi hata kidogo, bali hupenya, hutembea chini kwa chini, na kutokeza kama chemchemi kwenye ukingo wa bahari au wa ziwa, mbali na aliyeyahitaji. Wakulima wa mlimani walilazimika kujenga mabirika ya kukinga mvua, na kulima mashamba madogo kama sebule katika vishimo vya duara ambako udongo mwekundu ulijikusanya, wakiyazungushia kuta za mawe ili upepo na mbuzi visiwanyang'anye. Wenyeji wana kisa kwamba Mungu, alipokuwa akigawa mawe duniani, gunia lilimpasukia alipofika juu ya nchi yao.

Kutoka hapo Mwalimu aliifumua historia nzima kama mtu anayefumua mkeka kwa kuanzia ukindu mmoja. Jeshi kubwa la Milki ya Uthmaniya likipanda mlimani halikuwa na maji wala chakula, na jeshi dogo lilipigwa. Ndiyo maana nchi za jirani zilitawaliwa kikamilifu kwa karne nyingi huku wenyeji wa mlima huo wakilipa kodi mwaka huu na kugoma mwaka ujao. Lakini mawe hayohayo yaliyowalinda yaliwanyima mkate, na kwa hiyo kulikuwa na uvamizi wa kupora mifugo, ugomvi wa makabila na koo, visasi vya damu vilivyorithiwa kama mashamba, na baadaye safari za vijana kwenda kutafuta kazi ng'ambo. Kwa maelezo ya asubuhi hiyo peke yake nilihisi theluthi ya fedha yangu imekwisha kurudi.

Mchana tulikuwa Cetinje, mji mkuu wa zamani, na hapa ndipo ninapoisifu ratiba bila kusitasita, kwa sababu waliupa mji huo saa sita nzima ilhali kampuni nyingi huupa moja na nusu. Ivan Crnojević, bwana wa nchi aliyekuwa akisukumwa juu zaidi mlimani na Waturuki, aliuanzisha mwaka 1482, na mwanawe Đurađ akafungua matbaa ambayo mwaka 1494 ilimaliza kuchapa kitabu cha ibada kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuchapwa kwa herufi za Kisirili miongoni mwa Waslavi wa kusini. Hiyo ni miaka minne kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Ukoo wa Crnojević ulipoondoka, uongozi ulishikwa na maaskofu, na tangu mwisho wa karne ya 17 uaskofu huo uliingia katika ukoo wa Petrović. Na kwa kuwa askofu wa Kiorthodoksi haoi, kiti kilirithiwa kutoka kwa mjomba au baba mdogo kwenda kwa mpwa hadi mwaka 1852, Danilo alipoamua kuwa mtawala wa kidunia ili apate kuoa.

Mwaka huohuo wa 1852 lilitokea jambo ambalo naona linasimulika kwa Kiswahili vizuri kuliko kwa lugha ya wenyewe. Askofu na mshairi Petar wa Pili, anayejulikana zaidi kwa jina la Njegoš, alikuwa ameleta matbaa nyingine kutoka Urusi. Vita vilipozidi na silaha zikapungua, herufi za risasi ziliyeyushwa zikawa risasi. Nilipomtafsiria Mwalimu kwamba kwetu neno ni moja kwa vyote viwili, alilirudia neno hilo mara tatu na kuliandika kwenye daftari lake.

Kasri la Njegoš, lililojengwa mwaka 1838, huitwa Biljarda kwa sababu ya meza ya biliadi aliyoiagiza ikabebwa kutoka pwani hadi juu mlimani. Kilichonishangaza zaidi ya meza ni kibanda cha vioo pembeni mwa jengo, chenye ramani ya nchi iliyofinyangwa kwa vimo vyake, kubwa kiasi kwamba unaizunguka kwa miguu. Jeshi la Austria lililoikalia nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ndilo lililoitengeneza. Mwalimu alitutembeza kandokando ya vioo akituonyesha kila mahali tutakapopita, na kuanzia hapo hakuna aliyepotea tena katika mazungumzo yake. Ningekuwa ninaongoza kampuni hii, kila ziara ingeanzia kwenye ramani hiyo.

Mji wenyewe una majengo ya balozi za zamani yanayoonekana makubwa mno kwa mitaa yake. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1878 ulipoitambua Montenegro kuwa nchi huru na kuipanua zaidi ya mara mbili, mataifa makubwa yalileta mabalozi Cetinje, na Nikola, aliyejitangaza mfalme mwaka 1910, alifanya siasa ya nje kwa kuoza mabinti: mmoja akawa malkia wa Italia, wawili wakaolewa na wakuu wa nasaba ya kifalme ya Urusi, mwingine akaolewa na Petar Karađorđević aliyekuja kuwa mfalme wa Serbia. Walimwita baba mkwe wa Ulaya. Ukwe huo haukumfaa alipouhitaji, kwani mwaka 1916 alikimbia nchi, mwaka 1918 baraza lililokutana Podgorica likamwondoa na kuiunganisha nchi yake na Serbia, yaani na dola ya mkwewe mwenyewe, naye akafia Ufaransa mwaka 1921. Mifupa yake ilirejeshwa Cetinje mwaka 1989. Katika monasteri ya mji huo panahifadhiwa mkono unaoaminiwa kuwa wa Yohana Mbatizaji, ambaye sisi Waislamu tunamjua kama Nabii Yahya, na mtawa mlinzi wa mlango aliniruhusu nisimame mbele yake bila kuniuliza dini yangu.

Siku ya pili ilitupandisha mlima Lovćen, ambako ngazi 461 zinapita ndani ya handaki hadi kwenye kaburi la Njegoš, kazi ya mchongaji Ivan Meštrović iliyokamilika mwaka 1974. Mwalimu alieleza kwa haki kwamba ili kaburi hilo lijengwe, kanisa dogo lililokuwa na mifupa ya mshairi lilibomolewa, na kwamba wako watu ambao hawajalisamehe jambo hilo hadi leo. Kisha akatughania beti kadhaa za utenzi mkuu wa Njegoš uliochapishwa mwaka 1847, kwa sauti ya chini yenye kuvuta mwisho wa kila mstari, nami niliyekulia katika nyumba ya tenzi nilimsikiliza kwa raha bila kuelewa neno.

Hapo ndipo penye dosari ya kwanza ninayoiona kuwa nzito. Utenzi huo, ambao watoto wa shule wa nchi hiyo wamekuwa wakiukariri kwa vizazi, unahusu kuuawa kwa Wamontenegro waliosilimu, na wanahistoria wanabishana kama mauaji hayo yalitokea kweli kwa namna inayosimuliwa. Mwalimu hakugusia hilo hata kwa neno moja. Nililijua kwa sababu nilikuwa nimesoma kabla ya kusafiri. Nilipomuuliza jioni, tukiwa wawili, hakukasirika wala hakukwepa. Alisema kwamba kampuni huwataka waongozaji wasiharibu hali ya hewa ndani ya gari, kisha akanieleza kwa nusu saa jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiufundisha darasani mbele ya wanafunzi Waislamu, na jinsi alivyokuwa akiwasomea pia maneno ya Marko Miljanov, shujaa wa vita aliyejifunza kuandika uzeeni, aliyesema kwamba ushujaa ni kujilinda na mwenzako, lakini utu ni kumlinda mwenzako na wewe mwenyewe. Nusu saa ile ilikuwa bora kuliko yote niliyoyasikia kupitia kipaza sauti cha gari, na inasikitisha kwamba abiria wengine sita hawakuipata.

Kotor sina haja ya kuisemea sana, kwa kuwa kila tangazo linaisemea. Ni mji wa mawe chini ya ukuta wa mlima, uliokuwa mikononi mwa Venice kuanzia mwaka 1420 hadi 1797, ukatikiswa vibaya na tetemeko la tarehe 15 Aprili 1979, na kuingizwa mwaka huohuo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuta zake zina urefu wa kilomita nne na nusu hivi na zinapanda mlimani hadi ngomeni. Kiingilio cha kuta hizo ndicho pekee ambacho bei yetu haikukijumuisha, jambo lililoandikwa kwa maandishi madogo mno. Fika asubuhi mapema kabla abiria wa meli kubwa za utalii hawajashuka.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike malalamiko. Ratiba iliandikwa "pwani ya kusini hadi Ulcinj", na Ulcinj ndiyo sababu yangu kubwa ya kulipa. Tulikaa Budva, mji wa mahoteli na muziki wa usiku, tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, tukasimama Stari Bar kuuona mzeituni unaosemekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000, ambao nao haukuwa wa haraka, na tulipofika Ulcinj tuliambiwa tuna saa moja na robo, pamoja na kusimama katika duka la mafuta ya zeituni. Usiku huo tulirudi kulala Budva.

Kwa msomaji wa pwani yetu, saa moja na robo katika mji huo ni dhihaka. Ulcinj ni mji wa Waalbania walio wengi Waislamu, wenye minara ya misikiti juu ya ghuba ndogo na mji wa kale wa mawe juu ya mwamba, ambao Uthmaniya iliuteka kutoka kwa Venice mwaka 1571 na ambao haukuwa wa Montenegro mpaka mwaka 1880, baada ya mataifa makubwa kumshinikiza Sultani. Ulikuwa mji wa manahodha na maharamia. Meli zake zilifika hadi Tripoli ya Libya, na kutoka katika masoko ya huko zilirudi na watumwa Waafrika, ambao baadaye waliachwa huru, wakachukua majina ya koo za waliokuwa wakiwamiliki, wakazungumza Kialbania na wakafanya kazi baharini. Jamii hiyo ilibaki ikionekana mjini hadi karne ya 20. Mtu wake aliyejulikana zaidi alikuwa Rizo Šurla, mpigapicha aliyefariki mwaka 2003. Ndani ya mji wa kale kuna uwanja unaoitwa Uwanja wa Watumwa, wenye vyumba vya matao ambamo inasimuliwa kwamba mateka walifungiwa wakingoja kukombolewa, na hadithi ya wenyeji inamhesabu hata Cervantes miongoni mwao.

Katika kijitabu cha kampuni, Ulcinj imepewa mistari minane: mitano ni ya ufuo wa mchanga wenye urefu wa kilomita 12 hivi, miwili ya samaki wa kuchoma, na mmoja wa "historia ya kusisimua ya maharamia". Mwafrika hayumo. Mwalimu naye, ambaye katika mlima alijua kila jiwe, hapa alikuwa mgeni kama sisi. Hakujua Kialbania, na alipoulizwa kuhusu uwanja ule alijibu kwa sentensi moja akatazama saa. Sikumlaumu yeye. Niliwaacha wenzangu kwenye duka la mafuta nikaingia katika mkahawa mmoja karibu na bandari, ambako mzee wa Kialbania aliposikia natoka Afrika aliniletea kahawa bila kuidai, akaniuliza kwa Kijerumani cha kibarua wa zamani iwapo nimekuja kwa ajili ya "watu wetu weusi", kisha akanyoosha kidole akinionyesha ufuko ambako alikuwa akimwona Šurla na kamera yake. Aliniambia pia habari za Msikiti wa Mabaharia, uliobomolewa mwaka 1931 na kujengwa upya katika karne hii. Nilikuwa na dakika kumi na tano kwa mazungumzo ambayo ningeyalipia kwa siku nzima.

Mashamba ya chumvi yaliyo nje ya mji, ambako chumvi imeacha kuvunwa tangu mwaka 2013 na ambayo sasa ni hifadhi ya ndege wanaohama, tuliyapita kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Mmoja wa Wajerumani alidai aliona heroe. Huenda.

Siku mbili za mwisho kaskazini ziliiokoa safari. Tulipanda kwa barabara mpya ya mwendo kasi kutoka Podgorica, kipande cha kilomita 41 kilichofunguliwa Julai 2022, chenye mahandaki mfululizo na daraja la Moračica linalokaribia mita 200 kwa kimo. Mjenzi ni kampuni ya Kichina ya CRBC kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China uliosainiwa mwaka 2014, yaani mjenzi yuleyule, benki ileile na mwaka uleule wa mkataba wa mkopo wa reli yetu ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mkopo huo ulikuwa wa takriban dola milioni 944, mzigo mkubwa kwa taifa lenye watu wachache hivyo, na barabara bado haijafika baharini wala kwenye mpaka wa Serbia ilikokusudiwa. Mwalimu aliposikia habari za SGR alizima redio, na kwa kilomita 41 zote mazungumzo yalikuwa ya riba, kokoto na nani amekula nini. Sidhani kama nimewahi kujisikia nyumbani zaidi nikiwa Ulaya.

Daraja la Đurđevića Tara, lililojengwa kati ya mwaka 1937 na 1940, lina matao matano juu ya korongo ambalo sehemu nyingine kina chake kinafika mita 1,300. Mwaka 1942 wapiganaji walioupinga uvamizi wa Italia waliamua kulikata, na aliyewaonyesha pa kutega baruti ili tao moja tu lianguke ni mhandisi Lazar Jauković, ambaye alikuwa ameshiriki kulijenga. Waitalia walimkamata wakamuua palepale darajani, na baada ya vita tao lilirudishwa. Mwalimu alitusimulia hayo tukiwa tumesimama katikati ya daraja, kimya kikapita, na ndipo akatuonyesha vijana wanaoruka korongo hilo kwa kuning'inia kwenye waya kwa malipo. Tulilala Žabljak, mji ulio mita 1,456 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Durmitor, katika nyumba ya familia badala ya hoteli, na hicho ndicho kitanda pekee nilichokipenda.

Chakula cha nyumba hiyo kinastahili aya yake. Kačamak ni sima. Ni unga wa mahindi uliosongwa kwa mwiko mrefu, ila wao huchanganya na viazi na kuulainisha kwa jibini na malai mpaka unavutika kama mpira, na mama mwenye nyumba alipoona ninautambua alinipa mwiko nimalizie kuusonga. Asubuhi kulikuwa na priganice, vinyunya vya kukaanga ambavyo ni mahamri yasiyotiwa iliki, pamoja na asali. Nyama ya nguruwe ya kijiji cha Njeguši, inayokaushwa kwa moshi na upepo, ilikuwa kila mahali tangu siku ya pili. Kampuni iliuliza mapema kuhusu miiko ya chakula na ikaizingatia, nikapewa kondoo aliyechemshwa kwa maziwa bila kuomba mara mbili. Hapo nawapa alama zote.

Kuhusu watu wa nchi hiyo, kijitabu kinasema kwamba Wamontenegro ni warefu, wakarimu na hawana haraka. Hayo ni maneno ya kwenye bango. Sensa ya mwaka 2023 inasema jambo gumu zaidi: waliojitaja kuwa Wamontenegro ni asilimia 41, Waserbia asilimia 33, Wabosnia asilimia 9, Waalbania asilimia 5, na wanaosema kwamba lugha yao ni Kiserbia ni wengi kuliko wanaosema Kimontenegro, ilhali wote wanaelewana bila mkalimani. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Mei 2006 uhuru kutoka katika muungano na Serbia ulipita kwa asilimia 55.5 wakati kiwango kilichowekwa kilikuwa 55. Na Septemba 2021 kiongozi mpya wa Kanisa la Orthodoksi la Serbia nchini humo alilazimika kushushwa Cetinje kwa helikopta kwa sababu waandamanaji walifunga barabara. Mwalimu aliyaeleza haya kwa uwazi kuliko yale ya utenzi, pengine kwa sababu yamegawanya familia yake: yeye alipiga kura ya ndiyo, kaka yake ya hapana, na kwa miaka miwili walisalimiana kupitia kwa mama yao.

Kijitabu sasa. Kinautaja Bobotov Kuk wa mita 2,523 kuwa kilele kirefu kuliko vyote nchini, ilhali Zla Kolata iliyo kwenye mpaka wa Albania ina mita 2,534; kinatumia takwimu za sensa ya mwaka 2011; na kinajisifu kwamba mwaka 1991 bunge lilitangaza Montenegro kuwa nchi ya kiikolojia bila kutaja mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulioko Pljevlja. Mwalimu alikuwa amesahihisha nakala yake kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa. Niliiomba, akanipa, na katika barua yangu kwa kampuni niliambatisha picha za kurasa hizo.

Kwa vipimo vyangu, siku za mlimani zina thamani ya bei kamili na zaidi, na siku ya pwani ya kusini haina thamani hata ya mafuta ya gari. Anayependa bahari na burudani ataona kinyume, na hatakuwa amekosea. Nimewaandikia tena nikitaka nafasi ya Mei, kwa sharti kwamba usiku wa Budva uhamishiwe Ulcinj. Wamejibu kwamba inawezekana kwa nyongeza ya euro 40, ila huko nitaongozwa na mwenyeji wa Kialbania kwa siku nzima. Mwalimu atanisubiri Stari Bar, chini ya mzeituni.